"Glamour": Uzuri au Kiinimacho?

Ndugu msomaji, wako vijana wetu, wake kwa waume, ambao neno "glamour" haliwatoki mdomoni. Ukiwauliza maana yake, hukujibu: "Ni uzuri." Tafsiri hii ina kasoro, na kasoro yenyewe si ndogo, kwani ajuaye asili ya neno si rahisi kudanganyika nalo.

Asili yake, utastaajabu, ni ile ile elimu ya nahau tunayowasomesha watoto chuoni. Wagiriki waliiita grammatike, yaani elimu ya herufi na maandishi. Ikapita kwa Warumi, kisha kwa Wafaransa, hata ikafika Uingereza. Zama hizo wenye kusoma vitabu walikuwa wachache, na wasiojua kusoma wakawadhania kuwa ni waganga. Waskoti ndio walioligeuza tamko likawa "glamour", na kwao lilikuwa ni uchawi utiwao machoni mwa mtu, akaona kitu sivyo kilivyo. Mshairi wao Walter Scott akalieneza katika utenzi wake wa mwaka 1805. Maana ya uzuri wa kuvutia ilikuja baadaye. Na mwaka 1939 likaanzishwa Marekani jarida la wanawake, Glamour of Hollywood, likinasibishwa na mji wa filamu.

Basi sisi Waswahili tafsiri yake tunayo tangu zamani: ni kiinimacho. Na tuliosoma kisa cha Nabii Musa (A.S.) twajua kwamba wachawi wa Firauni hawakuzigeuza kamba zao kuwa nyoka, walichokigeuza ni macho ya watu.

Sisemi kwamba kujipamba ni haramu. Hina, wanja na asumini havimdanganyi mtu. Lakini uzuri ni wa mwenyewe, hubaki naye hata taa ikizimwa. Kiinimacho kina mwenye kukitenda, naye ana lake alitakalo. Picha ya jaridani hutengenezwa kwa taa na rangi, na siku hizi kwa kompyuta, hata mwenye picha mwenyewe hafanani nayo. Binti akiitazama hujiona ana ila, akaenda kununua krimu za kujichubua; na baadhi yake zina zebaki, ambayo hudhuru figo.

Ndugu mzazi, mwanao akikutajia "glamour", usimkemee. Mfasirie neno, kisha muulize: ni nani atiaye kiinimacho hiki, na anauza nini?