Salamu ya Nusu

Nikiutaja tu wimbo huu nimeshakuharibia siku: "Jambo Bwana". Haya, umeshaanza. Sijaandika hata mstari wake mmoja, na tayari kichwani mwako kuna gitaa, kuna kiitikio, kuna sauti zinazokukaribisha mahali ambapo pengine ndipo ulipozaliwa. Pole. Mimi niliambukizwa Shela, na nimeubeba muda wa kutosha hadi nikaanza kuufikiria kama kazi ya sanaa.

Shela ni kijiji cha ufukweni katika kisiwa cha Lamu, mwendo wa chini ya saa moja kwa miguu kutoka mjini. Jioni, mashua zilizobeba watalii zinaporudi, wimbo huo unasikika juu ya maji. Hilo halishangazi, ni kazi ya watu. Kilichonishangaza ni kuusikia dukani, mtoto akiuimba taratibu huku akingoja chenji. Mtoto wa Shela, ndani ya Shela, anamkaribisha nani? Mwenye duka si mgeni. Paka aliyelala mlangoni si mgeni. Wimbo ulikuwa umemganda tu, kama ulivyonigandia mimi.

Wajerumani wana neno la hali hii: Ohrwurm, yaani mnyoo wa sikio. Mark Twain aliitungia hadithi mwaka 1876. Msimulizi anasoma vijishairi gazetini, vinamng'ang'ania siku kadhaa, halali, na anapona pale tu anapomwambukiza rafiki yake mchungaji. Watafiti wa saikolojia ya muziki nao wanasema nyimbo zinazoganda mara nyingi huwa na mwendo wa haraka kidogo, melodia ambayo sikio linaweza kuitabiri, na kitu kidogo kinachorudiwa. Zinakuvamia akili ikiwa haina shughuli kubwa: unaosha vyombo, unatembea, unangoja chenji.

Kwa vipimo hivyo, "Jambo Bwana" ni kazi ya fundi. Them Mushrooms, bendi ya ndugu wa ukoo wa Harrison kutoka Pwani ya Kenya, waliutoa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mtunzi wake ni Teddy Kalanda Harrison. Walikuwa bendi ya hotelini, wakipigia watu wasiojua Kiswahili, na wimbo ukatatua tatizo hilo kwa akili sana: ni somo la kwanza la lugha lililotiwa gitaa. Kila neno ni fupi, kila swali lina jibu lake papo hapo, na kila anayeimba mara moja anajihisi amejua lugha. Kufikia 1983 Boney M walikuwa wametoa toleo lao Ulaya. Ukiona ni rahisi, jaribu kutunga wimbo ambao mtu asiyejua lugha yako atarudi nao kwao akiuimba.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaouponda kwa sababu "unarudiarudia." Lamu nzima imejengwa juu ya marudio, bana. Nenda Maulidi ya Msikiti wa Riyadha, usikie kiitikio cha kaswida kinavyokwenda na kurudi mpaka miili ya waimbaji inayumba pamoja. Au chukua Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa 1858. Mizani nane kila kipande. Vipande vitatu vya kwanza vya ubeti vinapokezana kina chao, kisha cha nne kinarudi kwenye kina kilekile, ubeti baada ya ubeti, zaidi ya beti mia, mpaka mwisho. Hiyo ni ndoana. Sikio linajua kile kina kinakuja, linakingoja, kinafika. Ndivyo tenzi zilivyokaa vichwani mwa wanawake wengi wa pwani ambao hawakuhitaji kufungua kitabu.

Basi kung'ang'ania si kosa. Swali langu ni jingine: wimbo uliokwama kichwani mwako, unaongea na nani?

Mwana Kupona, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alikuwa mgonjwa, na anaongea na bintiye. Unaweza kugombana na mawaidha yake kuhusu mume na ndoa. Mimi nagombana nayo. Lakini anayeambiwa anajulikana, ana nafasi ndani ya shairi, na kila msichana aliyejifunza beti zile alikaa kwenye nafasi ya yule binti. Kuzibeba kichwani ilikuwa ni kubeba maneno uliyoambiwa wewe, tena kwa Kiamu, ambapo njia ni ndia na njoo ni ndoo.

"Jambo Bwana" unaongea na mtu mwingine. Mtoto wa dukani anabeba mazungumzo yasiyomhusu, kwa Kiswahili ambacho kwao hakisemwi. Mwenzake akitokea hamwambii "jambo". Hilo ni neno tunalomwekea mgeni. Tena isikilize salamu yenyewe. Kwetu salamu ni mzunguko: hujambo, sijambo, wewe je, nyumbani, watoto, mama amepata nafuu? Kila mmoja huulizwa. Katika wimbo, mgeni anaulizwa hali na jibu linatoka hapohapo, zuri kabisa. Halafu anahakikishiwa kwamba nchini hamna shida. Mwenyeji haulizwi.

Angeulizwa, angekuwa na la kusema. Yale matuta ya mchanga ya Shela ambayo watalii wanayapiga picha ndiyo hazina ya maji matamu ya Lamu: mvua inazama mchangani, inahifadhiwa chini, inatoka visimani. Kujenga juu ya matuta hayo ni ugomvi wa miaka. Wavuvi nao walikwenda mahakamani kwa sababu ya bandari mpya ya Lamu, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ikaamua walipwe fidia ya zaidi ya shilingi bilioni 1.7. Hakuna mahali pa kuingiza hayo kwenye kiitikio kinachosema mambo ni shwari.

Miaka ya 1920 mwanasaikolojia Bluma Zeigarnik aliripoti kwamba akili hukumbuka zaidi shughuli iliyokatizwa kuliko iliyokamilika. Hapo ndipo ninapouelewa wimbo huu. Wengi wanashauri kwamba ukitaka wimbo uliokwama ukuachie, usikilize mpaka mwisho. Nimeusikiliza mpaka mwisho mara nyingi, na hauniachii. Mimi naona ni kwa sababu ni salamu ya nusu, na mtu wa pwani hawezi kutulia na salamu ambayo haijarudi upande wa pili.

Sitaki ufutwe. Them Mushrooms walifanya kazi yao vizuri kuliko wengi waliowaiga. Ninachotaka ni fundi wa leo, mwenye sikio kama la Teddy Kalanda, atunge ile nusu iliyobaki: wimbo mwepesi, wa kung'ang'ania, unaomgeukia yule mtoto wa dukani na kumuuliza, kwa Kiamu chake, nyumbani kwao wanaendeleaje. Kisha unyamaze kidogo, ajibu.