Siwindhe na Darasa: Uhakiki wa Sera ya Lugha Shuleni Ndhiwa

Mwaka 1964 Tume ya Elimu iliyoongozwa na Simeon Ominde ilipendekeza kwamba Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia nchini Kenya tangu darasa la kwanza. Lugha za kienyeji ziliachiwa kipindi cha kila siku cha kusimulia hadithi. Aghalabu pendekezo hilo hutajwa kuwa ushahidi wa dharau, na dharau haikukosekana. Hata hivyo, likisomwa kwa kuitazama Ndhiwa, hudhihirika kwamba Tume, pasipo kukusudia, iliugusa mlango ambao sera za baadaye hazikuufungua.

Kwa Wajaluo wa Kanyamwa na Kabuoch, sigana haikuwa mchezo wa kupitishia wakati. Ilikuwa na nyumba yake, siwindhe, na mwalimu wake, bibi kizee aitwaye pim. Humo mtoto alijifunza kusikiliza, kukumbuka mfuatano wa matukio, kufumbua fumbo, na kusimulia upya alichokisikia bila ya kukiharibu. Hayo hasa ndiyo mwalimu wa Kiingereza huyatafuta katika somo la ufahamu. Mwenye ujuzi huo alikuwa nyumbani, wala hakuhitaji kujua Kiingereza ndipo aufundishe.

Kamati ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza lugha ya eneo la shule itumike katika madarasa matatu ya mwanzo. Taasisi ya Elimu ya Kenya ikatoa vitabu vya Tujifunze Kusoma Kikwetu, Dholuo ikiwa mojawapo ya lugha zake. (Jina lenyewe la mfululizo huo, ambalo ni la Kiswahili, lingestahili makala yake.) Lakini mtihani wa KCPE, uliofanywa tangu 1985 hadi 2023, ulikuwa kwa Kiingereza isipokuwa somo la Kiswahili. Mwalimu alipiga hesabu, na mzazi vilevile. Si haki kumshutumu mzazi huyo kwamba aliitupa lugha yake, madhali shule haikumwonyesha kazi ambayo lugha hiyo ingeifanya.

Na kazi ipo. Mtoto wa Ndhiwa hukutana na herufi th katika lugha tatu. Katika Dholuo ni kipasuo cha meno, kinachotofautishwa na t ya ufizi. Katika Kiswahili na Kiingereza ni kikwamizi. Sauti v, z na sh hazimo kabisa katika Dholuo. Mtoto atamkaye s mahali pa sh hasikii vibaya, bali husikia kwa mfumo alio nao, na mwalimu asiyeujua mfumo huo hubaki kurudia neno kwa sauti kubwa zaidi. Kwa upande wa pili, mtoto huyo huyo husema got, yaani mlima, na wingi wake gode. Husema kidi, yaani jiwe, na wingi wake kite. Kubadilisha ughuna wa konsonanti katika wingi ni jambo alilonyonya kwa mamaye. Anapofundishwa kwamba leaf huwa leaves, huambiwa kuwa Kiingereza kina vituko. Sauti v itamsumbua, ni kweli. Kanuni yenyewe isingemsumbua, laiti mtu angemwonyesha kwamba anaijua.

Mpango wa Tusome, ulioanza mwaka 2015, ulifundisha kusoma kwa Kiingereza na Kiswahili. Jaribio lililoutangulia lilikuwa limejumuisha Kilubukusu na Kikamba, Dholuo haikuwamo. Mtaala wa umilisi ulioenea nchini mwaka 2019 uliirejesha lugha ya eneo katika madarasa ya mwanzo, na ukamtaja mzazi kuwa mshiriki katika masomo. Hapo ndipo penye mgongano. Utafiti uliofanywa Ndhiwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba takriban asilimia 24 ya watu wazima walikuwa na virusi vya UKIMWI. Katika eneo lililofiwa kiasi hicho, mzazi wa mtaalani mara nyingi ni nyanya. Kumpelekea nyanya huyo maagizo ya Kiingereza ni kumwalika mgeni kisha kumfungia mlango. Angeombwa amsimulie mjukuu sigana moja, mtoto aiandike kwa Dholuo, na kesho yake aieleze darasani kwa Kiingereza, kazi ya nyumbani ingekuwa yake kweli.

Itapingwa kwamba karibu na mashamba ya miwa wapo watoto wasio Wajaluo. Wapo, na wao pia wana nyanya. Zoezi halibadiliki, ila lugha ya usiku. Pingamizi la pili ni kwamba wazee hawajui kusoma, na kwamba Dholuo, yenye irabu tisa zinazoandikwa kwa herufi tano, ni ngumu kusomeka. Pingamizi hilo lapasa kupelekwa kanisani siku ya Jumapili, ambako nyanya ambaye shule humhesabu kuwa hajasoma hufungua Biblia yake ya Dholuo na kuisoma bila ya kukwama.