Mkono Unaoujua Utumbo

Saa mbili asubuhi, mzee wa mutura (utumbo uliojazwa nyama na damu) mtaani Bondeni, Nakuru, huwa ameshapokea matumbo ya mbuzi yangali na joto. Kisu hakishiki bado. Anayamwaga karaini na kuyatenganisha kwa vidole, polepole, maana utumbo haukujikunja ovyo: umeshikwa na utando mwembamba wenye mishipa ya damu, ile inayobeba chakula kilichomeng'enywa na kukifikisha kwenye ini.

Anaanza na nyongo. Kifuko cha kijani kimejibana chini ya ini. Anakikamata shingoni kwa vidole viwili na kupitisha kisu pembeni, tayari kupoteza ukanda wa ini kuliko kukikaribia mno. Tone moja likidondoka, uchungu hautoki. Anayesema mambo yametumbukia nyongo anajua asemalo. Lakini maji hayo machungu, hata kwetu binadamu, ndiyo yanayoyavunja mafuta kuwa matone madogo ili mwili uyapate.

Kisha tumbo. Analipasua, anakung'uta majani, ananionyesha vyumba vinne: kimoja kina manyoya kama taulo, cha pili matundu kama sega la nyuki, cha tatu kurasa kama kitabu. Cha nne ni laini, nacho ndicho kinachotoa asidi. Sisi tumepewa hicho cha mwisho tu.

Utumbo wenyewe ndio unaomchukua muda. Ule mwembamba wa mbuzi huweza kupita mita 15. Wetu ni kama mita 6, kwa kuwa hatuli nyasi. Anaukamua wote kwa dole gumba, shubiri kwa shubiri, na kuuweka kando. Mutura anautia katika ule mpana. Anaukunja mdomo kama mkono wa sweta, anamimina maji ya jagi kwenye mkunjo, na uzito wa maji unauvuta uliobaki mpaka ndani yote iwe nje. Havuti hata kidogo. Nilitazama mara tatu kabla ya kuelewa.

Sasa ute unaonekana. Mbuzi akiwa hai, huo ndio unaoukinga utumbo usiumizwe na unachokisaga. Mzee anausugua kwa chumvi na ndimu, anasuuza, ananusa, anarudia. Nilihesabu maji saba. Mimi ningeacha kwenye ya tatu.

Nyama ameikatakata kwa mkono, akaichanganya na mafuta, damu, kitunguu, dania na pilipili. Anashindilia bila kujaza. Ukuta wa utumbo una misuli ya mzunguko na ya urefu, iliyokuwa ikisukuma chakula mbele. Moto ukiipata hujikaza, na kilichojazwa pomoni hupasuka. Anafunga kwa uzi, anatoboa kwa mwiba hapa na pale, anatia sufuriani.

Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Nyama huchelewa kuiva, kwa hiyo anasubiri. Mutura ukishakuwa mgumu anauhamishia kwenye makaa yaliyopoa kidogo, na kuugeuza kila ngozi inapoanza kung'aa.

Alasiri ananikatia kipande cha kwanza juu ya ubao, chumvi pembeni.

"Tafuna, kijana wangu," ananiambia akiona nameza haraka, kisha anarudi kuugeuza wa pili.