Ardhi Kabla ya Kutwaliwa

Ngarenanyuki, nyuma ya Mlima Meru, leo inajulikana kwa nyanya. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza huko Wameru wapatao 3,000, nyumba zikachomwa ili walowezi wapate mashamba. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisafiri hadi Umoja wa Mataifa kuidai ardhi ya wenzake.

Mwandishi wa riwaya mwenye pupa angeanzia kisa hiki kwenye moto. Ismael Mbise, mwana wa Meru, anarudi nyuma hadi enzi za Wajerumani na wamisionari waliouawa mwaka 1896. Riwaya yake, Blood on Our Land, ilitoka mwaka 1974, na ufundi wake ninaoupenda ni subira. Anamkalisha msomaji na wenye ardhi kwanza, hata amri ya kuhama inapofika, anayehamishwa si jina kwenye orodha ya serikali. Raja Rao wa India alikuwa na subira ya namna hiyo katika riwaya yake Kanthapura, mwaka 1938, uhuru wa nchi yake ukiwa bado: bibi kizee anakisimulia kijiji chake kizima, naye hana haraka.

Je, baada ya uhuru? Hapo kazi ni ngumu zaidi, maana anayeitwaa ardhi ni mwenzetu, tena ana hoja. Ndiyo maana namvulia kofia Euphrase Kezilahabi. Katika riwaya yake Dunia Uwanja wa Fujo, Azimio la Arusha la mwaka 1967, lililotangaza siasa ya Ujamaa, halitangulii. Kwanza tunamfuata Tumaini, kijana wa Ukerewe anayetapanya urithi wake kwa anasa, kurasa baada ya kurasa, hadi tunamchoka. Kisha anatulia, anashika jembe, anatajirika. Sasa tu ndipo siasa hiyo inabisha hodi shambani kwake, ikitaka kulitwaa. Tumeshamjua kiasi cha kutoweza kumwita kupe, na tumeshayaona maovu yake kiasi cha kutoweza kumwita shujaa. Anamuua mkuu wa wilaya, naye ananyongwa. Kezilahabi hatwambii tumlilie nani.

Mwandishi wa hotuba angemchagua mmoja. Yeye aliwaacha wote wawili na uzito wao, na kitabu chake kikatoka mwaka 1975, Operesheni Vijiji ikiwa bado inahamisha watu.