Farasi wa Wengine: Uhakiki wa Nyimbo za Mashindano ya Wanyama

Mto Suam huanzia katika Mlima Elgon, hupita mpakani mwa Kenya na Uganda, kisha huteremka kaskazini na kuitwa Turkwel. Upande wa Kenya, chini ya mlima huo, ndiko iliko Trans Nzoia na mji wake wa Kitale. Na kusini-magharibi mwake ni Bungoma, nchi ya Wabukusu. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia sehemu kubwa ya ardhi ya Trans Nzoia iligawiwa walowezi wa Kizungu, na reli ikafika Kitale mwaka 1926. Pamoja na walowezi hao walikuja farasi, na pamoja na farasi yakaja mapenzi ya mbio, ambazo Nairobi zilikuwa zimekwisha anza tangu mwanzoni mwa karne ya ishirini. Aliyemiliki farasi alikuwa Mzungu. Aliyemlisha, kumpiga brashi na kumtembeza alikuwa saisi Mwafrika.

Hali hiyo yazua swali linaloihusu fasihi simulizi moja kwa moja: wimbo wa mashindano ni mali ya nani? Ni wa mwenye mnyama, wa anayemtunza, au wa umma uliosimama kando ya uwanja? Jibu la haraka ni kwamba wimbo wa namna hii ni wa sifa, na kwamba dhamira yake ni ushindi. Makala hii yakusudia kuonyesha kuwa jibu hilo halitoshi. Nyimbo za mbio zilizodumu hazikudumishwa na ushindi. Zilidumishwa na watu waliokuwa na kitu cha kupoteza.

Mfano ulio maarufu ni wimbo wa farasi Skewball. Farasi huyo alikuwapo kweli. Mwaka 1752, katika uwanja wa Curragh, wilaya ya Kildare nchini Ireland, alishindana na farasi jike wa bwana mmoja mkubwa, akamshinda. Wimbo wake ulichapwa katika karatasi zilizouzwa kwa bei ndogo mitaani, na katika matoleo mengi farasi mwenyewe husema: humtuliza mpandaji wake na kumhakikishia kuwa watashinda. Mpaka hapo ni wimbo wa sifa. Lakini ulivuka bahari hadi Marekani, ukaingia vinywani mwa watumwa na, baadaye, wafungwa Weusi. Jina likageuka kuwa Stewball, mahali pa mbio pakabadilika, na umbo likawa la kuitikizana, likifuata mapigo ya kazi. Lead Belly, mwimbaji aliyewahi kuwa mfungwa, aliurekodi mwaka 1940. Katika toleo lililoenea mwaka 1963 kwa sauti za Peter, Paul and Mary, msimulizi ni mtu aliyeweka dau lake kwa farasi mwingine, naye sasa anajuta. Farasi ni yule yule na ushindi ni ule ule. Kilichohama ni mahali anaposimama mwimbaji. Ametoka upande wa mwenye farasi, amehamia upande wa aliyeshindwa.

Mfano wa pili unatupeleka mbali zaidi. Tarehe 4 Julai 1878, mjini Louisville, jimbo la Kentucky, farasi Ten Broeck alimshinda Mollie McCarty, farasi jike aliyeletwa kutoka California. Wimbo uliotokana na mbio hizo, ambao Bill Monroe aliurekodi mwaka 1947, unamaliza kwa kifo cha farasi huyo jike. Historia yasema vingine: Mollie hakufa siku ile, bali aliishi miaka kadhaa baadaye. Mhakiki anayeipima fasihi kwa mizani ya kumbukumbu za magazeti atasema kuwa wimbo umekosea. Lakini fanani hakuwa karani wa uwanja. Kifo ndicho kinachoyapa matokeo uzito ambao tofauti ya hatua za farasi haiwezi kuyapa.

Tena ikumbukwe kuwa aliyempanda Ten Broeck siku hiyo, William Walker, alikuwa Mmarekani Mweusi. Katika mashindano ya kwanza ya Kentucky Derby, mwaka 1875, wapandaji 13 kati ya 15 walikuwa Weusi, na mshindi, Oliver Lewis, alikuwa mmoja wao. Tabaka moja lilimiliki farasi. Jingine lilihatarisha shingo. Hivyo si ajabu kwamba nyimbo za farasi wa mabwana ziliweza kuimbwa na watu wasio na farasi.

Yaweza kupingwa kwamba hata mwenye farasi huimba. Ni kweli. Carlos Gardel wa Argentina, aliyekuwa na farasi wake wa mashindano, aliimba mwaka 1935 tango iitwayo "Por una cabeza", ambayo maneno yake yalitungwa na Alfredo Le Pera. Lakini humo nako farasi anashindwa kwa tofauti ya kichwa tu, na kushindwa huko kunafananishwa na mapenzi yanayomtia mtu hasara asikome. Pingamizi hiyo basi yaithibitisha hoja: mwenye mali anapotunga wimbo wa kudumu, naye hutunga wa hasara.

Tukirudi magharibi mwa Kenya, mnyama wa mashindano aliyeingia katika nyimbo za wenyeji ni fahali. Miongoni mwa Waisukha na Waidakho wa Kakamega, jirani wa kusini wa Bungoma, fahali wenye majina hupelekwa uwanjani alfajiri wakisindikizwa na umma unaoimba na kukimbia, huku ngoma tatu za isukuti, kubwa, ya kati na ndogo, zikirindima. Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Huko methali hiyo hutendwa mbele ya macho. Mapigano hayo yaliandamana pia na kumbukumbu za marehemu wenye heshima. Kwa hiyo wimbo wa fahali una hasara tangu mwanzo wake: anayesifiwa yu hai uwanjani, anayekumbukwa yumo kaburini. Na tofauti na farasi wa mlowezi, fahali huyu ana mwenyewe anayejulikana kwa ukoo na kijiji, na aibu ya kushindwa kwake huwaangukia wote waliomsindikiza. Kule Bungoma, mpigaji litungu naye hujua kumsifu mtu na kumsuta katika wimbo mmoja.

Linalofuata lawahusu wakusanyaji. Nyimbo hizi mara nyingi huandikwa kwa kutaja jina la mnyama, mwenyewe na mshindi, kisha matoleo yanayopingana na tukio huachwa kando kana kwamba yameharibika. Mifano ya Stewball na ya Mollie yafundisha kinyume. Pale wimbo unapoacha ukweli wa uwanjani ndipo unapoanza kusema la wenyewe. Mkusanyaji hana budi kuuliza pia nani aliweka dau, nani alirudi nyumbani kimya, na mwimbaji alisimama upande gani. Na muda si mwingi: mwaka 2014 UNESCO iliiweka ngoma ya isukuti katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Jina la fahali aliyeshinda laweza kupatikana hata kesho kwa wazee. Sauti ya aliyeshindwa haina pengine pa kukaa ila ndani ya wimbo, na wimbo ukinyamaza, nayo imekwenda.