Kushuku kwa Utaratibu: Sifa ya Ufundi wa Kabureta

Ufundi wa mikono kwa kawaida husifiwa kwa wepesi wa vidole. Anayejitengenezea mwenyewe injini ya gari la zamani la michezo anastahili sifa nyingine: ya kushuku kwa utaratibu. Kulegeza nati na kusafisha jeti ni kazi ambayo mtu hufundishika upesi. Kigumu ni kujua nati ipi isiguswe, na kwa nini. Dai langu ni kwamba kabureta, chombo cha kuchanganya hewa na petroli ambacho viwanda vya magari vilikwisha kukiacha, bado kinafundisha kufikiri kuliko vyombo vingi vilivyokirithi, kwa sababu humlazimu mtu kuthibitisha dhana moja kabla ya kuiendea nyingine.

Chukua MGB, gari dogo lililoundwa Abingdon, Uingereza, kati ya 1962 na 1980, na yakauzwa zaidi ya magari laki tano. Injini yake ina ukubwa wa sentimita za ujazo 1,798, na kwa miaka mingi ililishwa na kabureta mbili za SU. Aina hii ya kabureta ilibuniwa mwanzoni mwa karne ya 20 na ndugu wa ukoo wa Skinner, uliokuwa ukifanya biashara ya viatu, na za mwanzo zilikuwa na mfuko wa ngozi mahali ambapo baadaye ilikaa pistoni ya chuma. Kanuni yake ni nyepesi. Injini inapovuta hewa, pistoni hupanda. Pistoni hiyo imebeba sindano iliyochongoka inayoingia ndani ya jeti, na kadiri inavyopanda ndivyo mwanya wa petroli unavyopanuka. Hewa yenyewe, basi, ndiyo inayopima petroli. Ndani ya shina la pistoni mna oili kidogo ya kuizuia isiruke ghafla. Oili hiyo ikiisha, gari husita kila dereva anapokanyaga mafuta. Dalili na chanzo chake viko karibu kiasi kwamba asiye na shahada ya uhandisi anaweza kuviunganisha.

Ukaribu huo ndio mtego pia. Injini ikikohoa, mkono wa mgeni hukimbilia kabureta kwa kuwa iko wazi na ina nati za kuzungushwa. Mzoefu huiacha iwe ya mwisho. Kwanza hupima tapeti za vali, ambazo kwenye MGB huachiwa mwanya wa takriban milimita 0.38. Kisha hutazama pointi za dilko (kisambaza-umeme cha plagi), ambazo hutakiwa kufunguka kati ya milimita 0.35 na 0.40, halafu wakati wa cheche, halafu plagi. Mpangilio huu si desturi tu. Cheche dhaifu huacha petroli bila kuungua, plagi zikawa nyeusi kwa masizi, na mtu akaapa kwamba kabureta inamwaga mafuta. Akipunguza petroli atakuwa ameongeza kosa la pili juu ya la kwanza, na sasa makosa mawili yanafichana. Ni baada ya umeme na vali kuondolewa shaka ndipo kabureta inapofaa kushukiwa.

Hata hapo haihukumiwi kwa kukisia. Injini ikiwa imepata moto, mpira mwembamba huwekwa sikioni na ncha yake kwenye mdomo wa kila kabureta, mpaka mvumo wa hewa ulingane pande zote mbili. Kisha pistoni ya kabureta moja huinuliwa kidogo, chini ya milimita moja. Injini ikiongeza kasi na kubaki juu, petroli imezidi. Ikitaka kuzimika, petroli ni haba. Ikipanda kidogo kisha ikatulia, kipimo ni sawa. Nati ya jeti ina pande sita, na huzungushwa upande mmoja tu kabla ya kupima tena. Wala jibu si la kudumu. Gari lililorekebishwa vizuri Mombasa hulemewa na petroli likifika Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya bahari, kwa kuwa hewa ya huko ni nyembamba. Maarifa haya hayafungwi na gari moja: Datsun 240Z, iliyoshinda Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1971 na 1973, iliuzwa madukani ikiwa na kabureta mbili za Hitachi zilizofuata kanuni hiyohiyo.

Mpinzani atasema kwamba mfumo wa kompyuta unaopuliza petroli hutumia mafuta kidogo, huchafua hewa kidogo na hujirekebisha wenyewe mlimani. Ni kweli yote, na anayetaka gari la kwenda kazini na achague huo. Lakini kushinda kwa matokeo si kushinda kwa mafunzo. Kompyuta hutoa jibu bila kuonyesha hesabu. Kabureta humwachia mtu hesabu yote. Na kuhusu moshi, kabureta iliyotelekezwa ndiyo mbaya zaidi, hivyo hoja hiyo inadai matunzo bora, haiyafuti.

Mwingine atauliza kwa nini kazi isiachiwe fundi. Swali lina uzito, kwani petroli si ya kuchezea: kwenye MGB kabureta na bomba la moshi viko upande mmoja wa injini, na tone linalovuja linaweza kuwasha moto. Tena yapo maradhi yasiyopona kwa nati. Ekseli ya kipepeo cha hewa ikilika, hewa hupenya pembeni na injini haitulii hata irekebishwe vipi. Hapo panahitajika mashine ya karakana. Ila mwenye gari aliyepima kwa utaratibu humfikia fundi akiwa na ushahidi, naye fundi mwema hulipwa kwa kutibu, si kwa kubahatisha. Anayeanza, basi, afanyie kazi mahali penye hewa, asiwe na sigara, aandike kila alichobadilisha, na asibadilishe mawili kwa mpigo. Kabla ya kununua kabureta mpya, asafishe plagi na apime pointi.