Tandiko Tupu

Farasi wa kwanza wa Kichina niliyempenda hakuwa na tandiko. Ni yule mweupe aliyechorwa na Han Gan karibu mwaka 750, ambaye siku hizi yumo katika Jumba la Makumbusho la Metropolitan, New York. Amefungwa kwenye nguzo, macho yamemtoka, anarusha kwato kana kwamba kamba itakatika sasa hivi. Kwa miaka mingi niliamini kwamba farasi aliyetandikwa ni farasi aliyekwisha kushindwa, na kwamba msanii anayehangaika na ngozi na mikanda amekosa la kusema. Nilikosea.

Kilichonitoa katika kosa hilo ni kisanamu kidogo cha udongo kutoka kaburi la mwaka 302, huko Changsha. Sisemi kwamba ni kizuri. Lakini mfinyanzi ameweka kikuku kimoja tu, kifupi, upande wa kushoto, na mguu wa mpandaji haumo ndani yake. Maana yake kikuku kile kilikuwa cha kupandia. Ukishakaa, huna haja nacho. Farasi wa askari waliozikwa kwa ajili ya mfalme Qin Shihuang, kiasi cha miaka 500 kabla ya hapo, wana matandiko yasiyo na kikuku hata kimoja. Mafundi hao hawakuwa wakipamba. Walikuwa wakieleza jinsi mtu alivyokaa juu ya mnyama.

Baada ya hapo ndipo nilipowatazama upya farasi sita wa kaburi la mfalme Taizong wa ukoo wa Tang, ambao, nakiri, nawajua kwa picha tu. Taizong aliamuru wachongwe katika mawe mwaka 636, ukumbusho wa farasi aliowapanda vitani. Singa zimekatwa mafungu matatu, mikia imefungwa fundo, na kila mkanda wa tandiko uko mahali pake. Ila matandiko yote sita ni matupu. Wapo wanaosema hiyo ni heshima kwa mnyama. Labda, mimi nilidhani ni majivuno tu, mfalme kujisifu bila kuonekana.

Kisha nikamfikia Saluzi, na hapo nikashindwa kuendelea na kejeli yangu. Mwaka 621, Taizong akiwa bado mwana wa mfalme, farasi huyu alipigwa mshale kifuani karibu na Luoyang. Jemadari Qiu Xinggong alishuka, akampa bwana wake farasi wake mwenyewe, kisha akauchomoa mshale. Mchongaji amechagua dakika hiyo. Mtu ameushika mshale. Farasi amejirudisha nyuma kidogo, kichwa amemwinamishia yule anayemuumiza. Hakuna purukushani. Katika mawe yote sita, huyu Qiu ndiye binadamu pekee.

Hapa tandiko tupu halina fumbo lolote. Ni tupu kwa sababu mwenyewe amekwisha kuondoka juu ya farasi wa mtu mwingine, na vita vinamngoja. Na hilo limechongwa kwa amri yake mwenyewe. Saluzi na mwenzake mmoja wako Philadelphia. Wanne waliobaki wako Xi'an. Kikuku bado kinaning'inia ubavuni.